Ini Ambalo Mwenye Bucha Asingelinunua

Sifa zote zimrudie Mwenyezi Mungu, aliyeumba tumbo likawa na njaa, akaumba na akili ya kuliambia tumbo basi, kisha akatuachia hiari kati ya hivyo viwili, na hiari hiyo inatutia aibu kila siku. Namshukuru kwa umri alionipa, kwa meno machache aliyonibakishia, na kwa jirani niliyekaa naye Kiwalani karibu miaka ishirini. Ni huyo jirani ninayetaka kumweleza, kabla kumbukumbu zangu hazijaanza kuchanganya watu.

Jina lake nitaliacha. Sote tulimwita Mwenye Bucha. Hata mkewe, Bi Zuhura, alipomtafuta alisimama mlangoni na kupaza sauti, "Jamani, mmemwona Mwenye Bucha?" Mimi nilikuwa nikifundisha watoto Kurani katika madrasa ndogo iliyotazamana na bucha yake, upana wa njia tu kati yetu. Watoto wangu walijifunza herufi huku panga lake likipiga gogo, na nadhani wako watu wazima leo ambao hawawezi kusoma bila kusikia mfupa ukivunjika.

Kiwalani iko jirani na uwanja wa ndege, na ndege zilipita juu ya mabati yetu chini sana hata ungeweza kuhesabu magurudumu. Ndege ikija, Mwenye Bucha alisimamisha kisu hewani na kungoja ipite, hata kama mteja ana haraka namna gani.

"Kata, mzee, wageni wangu wamefika," mteja atasema.

"Nikikata sasa nitakupimia na kidole changu. Halafu kesho unakuja kulalamika kwamba steki yangu ina mfupa."

Alifungia nyama kwenye magazeti ya zamani, na hakufunga bila kwanza kusoma ukurasa. Kama ukurasa una jina la Mungu aliukunja na kuniletea madrasani. Kama una mpira, aliusoma mpaka mwisho, nyama yako ikiwa imelala kwenye mizani.

"Ngoja, mama, nijue kama walifungwa."

"Gazeti la mwaka juzi hilo!"

"Kwani mie nilikuwa najua?"

Lakini sifa yake kubwa ilikuwa ini. Machinjioni, bwana afya alipokwisha kugonga muhuri wake wa buluu, Mwenye Bucha alianza ukaguzi wa pili, wa kwake mwenyewe. Aliliweka ini kwenye kiganja kama anayepokea mtoto mchanga, akalibonyeza kwa dole gumba. Ini zima, likiachwa, hurudi mahali pake. Ini la mafuta hubaki na shimo. Rangi yake ni kama ya chai iliyozidi maziwa, na kisu kikipita ndani yake hutoka kinang'aa. La namna hiyo hakulinunua, na aliyemwuzia kwa kumzunguka alirudishiwa mbele za watu.

Kulikuwa na sababu ya haya mambo kuwa mengi siku zile. Ilikuwa miaka ya ruksa. Tulikuwa tumetoka kwenye foleni za sukari na sabuni, ghafla maduka yakajaa, na watu wenye nafasi wakaanza kufuga ng'ombe wa maziwa uani, hapohapo mjini. Ng'ombe wale walisimama mahali pamoja mwaka mzima wakila pumba na mashudu. Walipozeeka waliishia machinjioni kama wengine, na Mwenye Bucha aliyatambua maini yao kutoka mlangoni.

"Huyu alikuwa bosi," alisema akilionyesha ini kwa ncha ya kisu. "Analetewa chakula, analetewa maji, hata nzi anafukuziwa. Sasa tazama wa bara, aliyetembezwa siku nane kwenda mnadani. Ini lake jekundu, limekaza, unaweza kulipigia ngoma."

Mama Neema, mwalimu wa shule ya msingi aliyetoka Moshi na kujenga nyumba ya tatu kutoka kwangu, alibishana naye kila Jumamosi. "Mzee, ini ni ini. Nipe nikaunge."

"Mama Neema, wewe mtoto asiyejua kusoma unampa cheti?"

"Simpi."

"Basi na mie hili sikupi."

Sasa mtu huyo aliyekuwa mkali kwa maini ya ng'ombe, la kwake mwenyewe hakulifikiria kabisa. Asubuhi yake ilianza na nundu ya ng'ombe iliyokaangwa kwa mafuta yake yenyewe, chapati tatu, na chai ya maziwa iliyojaa sukari kiasi cha kusimamisha kijiko. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya bucha. Kutoka kitandani hadi kwenye kigoda chake hazikuwa hatua ishirini, na hizo alizipiga kwa kulalamika. Kitambi kikaja, na kwa kuwa tulikuwa tumetoka kwenye njaa, tulikipokea kama mgeni wa heshima. Fundi alimwongezea kitambaa ubavuni mwa kanzu mara mbili. Bi Zuhura alitembea barabarani kwa maringo kwa sababu ya tumbo la mumewe, kama wengine wanavyoringia nyumba ya ghorofa.

Tena alikuwa mwoga wa sindano. Mtu aliyemlaza fahali chini kwa kamba na mkono mmoja, alimkimbia nesi wa chanjo akajifungia chooni. Nilipomcheka alinijibu kwa utulivu, "Maalim, sindano haina mpini. Kitu kisicho na mpini huwezi kujua kinaelekea wapi."

Msikitini alikaa safu ya kwanza na kulala wakati wa hotuba. Alikuwa na hasira za ghafla na huruma za ghafla. Mara moja alimfukuza mteja kwa kumwambia nyama yake ina harufu, kisha akamfuata hadi kwake na kumpa figo mbili za kumwomba radhi. Mambo ya namna hii ninayo mengi, lakini yaliyonifanya nishike kalamu ni yale ya ugonjwa wake.

Yalianza na maumivu chini ya mbavu za kulia. Alikunywa mizizi, alikunywa magome, alikunywa kitu cheusi ambacho hata aliyekiuza hakukubali kukionja. Mwisho Bi Zuhura akamwambia, "Ama unakwenda hospitali, ama nafunga bucha na ufunguo nautupa kisimani." Akaenda. Wakampaka kitu baridi tumboni, wakamtazama kwa mashine ya picha, wakamchoma sindano aliyoieleza kwa miezi sita baadaye kama mtu anayesimulia vita. Ilikuwa saratani, imekaa kwenye ini.

Alinijia madrasani, akangoja watoto watoke. "Maalim," akasema, "kuna kitu kimeota kwenye ini langu." Akaliweka dole gumba ubavuni pake akabonyeza, na kwa mara ya kwanza nilimwona hajui afanye nini na mikono yake.

Walianza na dripu za dawa kali, kusudi uvimbe usinyae ndipo ukatwe. Dawa ilimtapisha. Nywele zilikatika, nazo hakuzijali, lakini zilipokatika ndevu zake alizozipaka hina kila Ijumaa alijifunika kanga ya mkewe siku nzima. Uvimbe ulisinyaa, alhamdulillahi. Tukaitwa na daktari mpasuaji, kijana wa Mbeya, mfupi, mwenye sauti ya upole. Nasema tukaitwa kwa sababu Mwenye Bucha alikataa kuingia peke yake, akaniburuta kwa mkono wa kanzu.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, Maalim," daktari alisema. "Uvimbe umepungua vizuri. Lakini kuna neno."

"Liseme."

"Ini lenyewe lina mafuta, mzee. Mafuta mengi. Na dawa tuliyokupa ilipiga uvimbe, ikapiga na ini, nalo sasa limechoka. Nikiondoa kipande chenye ugonjwa, kile kinachobaki ndicho kitakachofanya kazi yote. Ini lenye mafuta na lililochoshwa na dawa linavuja damu sana likikatwa, na ukishafungwa linaweza lisiamke."

Mwenye Bucha alijivuta mbele. Kisha akauliza, kwa sauti ileile aliyotumia machinjioni, "Rangi yake?"

"Picha yetu haionyeshi rangi. Ila nakisia limepauka."

"Likibonyezwa?"

Daktari alinitazama kwanza mimi. "Nadhani lingebaki na shimo, mzee."

"Yaani unaniambia hili ini, ningelikuta limening'inia machinjioni, nisingelinunua."

"Usingelinunua."

"Basi na wewe usilinunue bado," alisema Mwenye Bucha. "Niambie linarekebishwaje."

Daktari alimpa wiki sita. Dripu zisimame, ini lipumzike. Asile mafuta, nundu wala chapati, apunguze sukari, na atembee kila siku mpaka atoke jasho. "Picha ikibadilika, nakata. Isipobadilika, sikati, maana nitakuwa nakuua kwa mkono wangu. Na uvimbe nao hautatungoja, mzee. Tukichelewa sana utakua tena." Kisha, kumtia moyo, akaongeza kwamba ini ni kiungo cha ajabu, likikatwa huota tena.

Mwenye Bucha aligeuka kwenye kiti. "Linaota?"

"Linaota."

"Nimeuza maini miaka thelathini, sijawahi kuona hata moja limeota."

"Mzee, ng'ombe wako hukuwaacha hai walione likiota."

Alicheka mpaka akashika mbavu zake mbovu. Lakini tulipotoka nje alisimama kwenye jua, akaangalia tumbo lake kama mtu anayekagua mzigo uliokuja na kasoro. "Maalim," akasema, "mie ni ng'ombe wa uani."

Sasa hapa ndipo lazima niungame kosa, kwa kuwa nililifanya mimi, na nililifanya kwa nia njema.

Kwetu mgonjwa hatembelewi mikono mitupu. Habari zilipoenea kwamba Mwenye Bucha anaumwa, mtaa mzima uliwasha majiko. Mama Neema alileta mtori wa kwao, ndizi na nyama zimesagwa pamoja na siagi juu. Mwingine alileta supu ya makongoro inayoganda ikipoa. Wengine walileta vitumbua, samaki wa kupaka, maandazi ya nazi. Na kila aliyeingia alisema neno lilelile: "Jamani, umekonda! Kula upate nguvu." Mgonjwa angejitetea, angesema daktari kakataza. Wangecheka. Daktari gani anayemkataza mgonjwa kula? Na kama mnavyokumbuka wenye umri wangu, kukonda siku zile kulikuwa na tafsiri moja tu midomoni mwa watu, na tafsiri hiyo, ukimwi, ilitajwa kwa kunong'ona. Wako walioacha kununua nyama kwake. Bi Zuhura alilia jikoni kwangu akiwa na mke wangu. "Wanasema namnyima chakula. Wanasema nimemchoka namsubiri afe. Sasa mie nifanyeje, nimfukuze mtu na sahani yake?"

Hakumfukuza mtu. Akapokea, na mumewe, ambaye hakujua kumwaibisha mgeni, akaonja. Kuonja kwake mnakujua.

Mimi nami, badala ya kusaidia, nikasema tumsomee dua. Kila Alhamisi baada ya alasiri, nyumbani kwake, kwa wiki sita. Hilo halikuwa kosa, na sitalijutia. Kosa ni kwamba sikufikiria dua bila pilau, kwa sababu maisha yangu yote sikuwahi kuiona dua bila pilau. Na mwenyeji akiwa ana bucha, mnadhani pilau lilipikwa na nyama gani? Alichagua mwenyewe. Mbavu nono, zenye utando mweupe, kwa heshima ya wageni waliokuja kumwombea. Na mwenyeji hawezi kukaa mikono mapajani watu wakila kwake. Alhamisi ya kwanza ukumbi ulijaa hadi ukumbini mwa jirani. Ya pili tuliazima mikeka. Ya tatu walikuja watu kutoka Vingunguti ambao hawakumjua mgonjwa, wakaomba kwa machozi, wakauliza kama itakuwepo na wiki ijayo.

Baada ya wiki hizo tatu daktari alituita kuangalia maendeleo. Akampaka kile kitu baridi, akatazama, akatazama tena. Uso wake ukabadilika.

"Mzee, hakuna kilichopungua. Mbele ya macho yangu naona mafuta yameongezeka. Nani amekulisha?"

Mwenye Bucha alininyooshea kidole palepale nilipokaa. "Huyu. Kila Alhamisi. Na Mungu ni shahidi, maana tulimtaja sana."

Nilitamani sakafu inimeze. Daktari hakunikaripia. Alisema tu, akiniangalia, "Maalim, zimebaki wiki tatu. Baada ya hapo sina la kufanya." Ningependelea angenikaripia.

Siku ile nilimwomba Mungu msamaha kwa namna ambayo sikuwa nimemwomba kwa madhambi makubwa zaidi. Kisha nikaenda nyumba hadi nyumba. Nilisimama mlangoni kwa Mama Neema, nikamweleza habari ya ng'ombe wa uani na ng'ombe wa bara, kama Mwenye Bucha alivyotueleza sote miaka yote, na yeye, aliyebishana naye kila Jumamosi, akakaa chini kwenye ngazi.

"Kumbe mtori wangu," akasema.

"Na pilau langu, mwalimu."

Kuanzia hapo alileta ndizi zilizochemshwa kwa maji na chumvi. Aliziweka mbele ya mgonjwa akisema, "Mzee, huu si mtori. Hii ni adhabu. Nisamehe." Bi Zuhura naye akapata ujasiri. Sahani ikija yenye mafuta, aliipokea kwa shukrani zote na kuipeleka moja kwa moja madrasani. Watoto wangu walihifadhi sura nyingi wiki zile, sijui kwa nuru au kwa vitumbua.

Dua tuliendelea nayo, kwa maji ya kunywa na mchicha usio na nazi. Alhamisi ya kwanza ya mchicha tulikuwa wanne, na mmoja alikuwa amepotea njia. Lakini nadhani ile ndiyo dua iliyofika.

Kilichobaki kilikuwa kutembea. Niliapa kutembea naye, kama fidia. Enzi zile mtaani kwetu hapakuwa na mtu mzima anayetembea bila anakokwenda. Ukiwaona wazee wawili wanakaza mwendo asubuhi, kuna msiba. Mwenye Bucha alinunua raba za mitumba, nyeupe, kubwa, zenye mistari ya kijani, akazivaa chini ya kanzu yake yenye viraka vya ubavuni na kofia kichwani. Tulitoka baada ya sala ya alfajiri kuelekea Segerea.

"Poleni, wazee! Nani kafariki?" watu waliuliza.

"Bado!" alijibu Mwenye Bucha bila kusimama.

Tulikuwa tukifika karibu na gereza ndipo tunageuka, kwa sababu barabara ilikuwa na kivuli pale. Siku ya nne askari wa lango alitufuata. "Wazee, kila siku nawaona mnakuja mnageuka. Mna ndugu yenu humu?"

"Hapana, mwanangu. Tumeleta ini."

"Ini?"

"Lina kesi. Limekula kupita kiasi."

Askari alimtazama, akanitazama, akaamua kwamba tuko salama. Kwa wiki hizo zilizobaki alitusalimu hivi: "Shikamooni. Kesi inaendeleaje?" Nasi tukajibu kwamba imeahirishwa. Lakini mtaani habari ikawa kwamba Mwenye Bucha ana mtoto wa siri aliyefungwa, na Bi Zuhura akaulizwa jina la mama wa huyo mtoto.

Nilimwona mtu yule akibadilika. Wiki ya kwanza alisimama kila baada ya nyumba kumi, akashika ukuta na kunitukana kwa heshima. "Maalim, hivi hili pilau lako lilikuwa na maili ngapi?" Wiki ya pili alinyamaza, akatembea. Asubuhi moja ndege ilipita juu yetu, na yeye, kwa mazoea, alinyanyua mkono kama ameshika kisu akasimama. Ilipopita hakuushusha mkono. Alisema, "Naogopa, Maalim. Siogopi kufa, nimeona wengi wakifa, wengine nimewashika miguu mwenyewe. Naogopa nilale pale, daktari afungue, aone alichokiona pichani, asikitike. Mie sijawahi kupeleka kitu kibaya sokoni."

Nilimshika mkono, tukaenda hadi langoni, tukarudi.

Siku ya mwisho ya zile wiki, daktari alimpaka kitu baridi na kutazama kwa muda mrefu. Bi Zuhura alikuwa anasoma tasbihi kwa kasi kubwa hata nikaona punje zinagongana. "Hm," alisema daktari. Kisha akasema, "Sasa nalinunua, mzee. Kwa kusitasita, lakini nalinunua."

Ya upasuaji wenyewe siyajui. Najua tu kwamba alimwuliza daktari wa usingizi kama angeweza kulazwa usingizi kabla ya sindano, akajibiwa kwamba sindano ndiyo usingizi wenyewe, akasema basi sayansi bado. Tulikaa nje kwenye benchi, mimi, Bi Zuhura na Mama Neema, mmoja akisoma Yasini, mwingine akisali rozari, na wa tatu akilia tu, nami sitasema nani alifanya lipi ila mimi nilisoma.

Alitoka hai. Lakini haikuwa kama watu walivyotarajia, kwamba kinachokatwa kimekatwa na mtu anarudi kuuza. Macho yake yakawa manjano. Tumbo likajaa maji, akawa na kitambi tena, cha aina nyingine, na hakikumchekesha mtu. Daktari alikuja kila siku, akabonyeza, akaandika. Alituambia ini limechelewa kuamka kwa sababu dawa zilikuwa zimelichosha, na kwamba kama angekata siku ile ya kwanza, pamoja na yale mafuta, tusingekuwa na mtu wa kumngojea. Wiki baada ya wiki manjano yakarudi nyuma. Maji yakapungua. Siku alipoomba chakula cha kwanza, Bi Zuhura alikimbia na ndizi za adhabu, na mgonjwa akazila zote.

Kabla hajaruhusiwa alidai kuona kile kilichokatwa. Daktari alikataa, kisha akakubali, kwa kuwa walikuwa wamekihifadhi kwenye chupa kubwa kwa wanafunzi. Nilikuwepo. Mwenye Bucha aliishika chupa kwa mikono miwili akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akaonyesha pembe moja.

"Hapa umekata mshazari."

"Palikuwa na mshipa, mzee."

"Nilidhani labda ndege ilipita."

Alirudi kwenye bucha akiwa nusu ya mtu aliyekuwa. Fundi alipunguza kanzu aliyoiongeza. Wale walionong'ona walianza kurudi mmoja mmoja, wakikohoa kwa aibu, naye aliwapimia bila neno, ila nyama yao aliifunga kwenye kurasa za matangazo ya vifo.

Miaka minne ikapita, mimi nikahama. Mwanangu alijenga Chanika, kwenye shamba la mihogo, akanichukua nikapumzike. Nilipumzika mno. Mkewe anapika vizuri, sina madrasa ya kusimamia, na kigoda changu kilikuwa barazani, hatua kumi kutoka kitandani. Asubuhi moja nikaona kanzu inakuja kati ya mihogo, na chini ya kanzu, raba nyeupe zenye mistari ya kijani, zimeshakuwa za kahawia.

Hakunisalimu kwanza. Alikuja hadi nilipokaa, akaweka dole gumba ubavuni pangu akabonyeza, akaachia, akatazama.

"Wewe sikununui, Maalim," akasema. "Inuka."

Niliinuka. Tulitembea kwenye njia ya mchanga, kati ya nyumba ambazo hazijaezekwa na mashamba ambayo hayajauzwa. Mimi ndiye niliyeshika kuta safari hii, pale zilipokuwepo kuta. Yeye alikuwa mbele, mkavu, mwepesi, akinisimulia habari za mtaa. Mama Neema ni mwalimu mkuu sasa. Askari wa gereza amehamishwa, na kabla ya kuhama alipita bucha kuuliza kesi iliishaje.

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia tulishinda." Alitembea hatua kadhaa. "Maalim, nimekuja kukwambia mwenyewe usije ukaambiwa na watu. Kimerudi."

Nilisimama. Yeye hakusimama, akanipungia mkono nifuate.

"Daktari yuleyule. Safari hii hakati, kimekaa pabaya, karibu na mshipa mkubwa, tena vipo viwili. Hakunificha. Alikuwa karibu alie, nikambembeleza mimi." Akageuka, na uso wake, wallahi, ulikuwa na kitu nilichokijua tangu machinjioni, uso wa mtu aliyefungua tumbo la ng'ombe wa bara na kuona alichokitarajia. "Lakini nilimwuliza. Nikamwambia, sahau kidogo hivyo vivimbe. Ini lenyewe, je? Lile lililoota? Akaangalia picha. Akasema, 'Mzee, ini lako ni safi, halina mafuta hata chembe. Ningewaonyesha wanafunzi.' Nikamwuliza, ningelikuta machinjioni?"

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Ungelinunua, mzee. Ungelitundika mbele ya bucha.'"

Alicheka peke yake, akafuta macho kwa ncha ya kanzu, kisha akaniangalia nilivyokuwa nahema. "Kaza mguu, ng'ombe wa uani," akasema, na akatangulia.

Alirejea kwa Mola wake miezi mitano baadaye, akiwa kitandani pake, Bi Zuhura akiwa kando. Mimi natembea bado kila asubuhi, hadi mwisho wa mihogo na kurudi, na watu wa Chanika wameacha kuniuliza nani kafariki.

Ewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe jirani atakayekubonyeza na kukwambia kweli, akupe miguu ya kumfuata, na siku Yeye Mola mwenyewe atakapokufungua kukukagua, asione ndani yako cha kumsikitisha. Amin.